Mtori mkavu wa kupanda nao mlima: shajara ya kukausha chakula cha nyumbani, Moshi

Tunataka kupanda mlima na chakula cha nyumbani, kikaushwe kiwe chepesi, kikifika juu kimwagiwe maji ya moto kiliwe. Lengo lote ni hilo. Tuko wanne, wakazi wa Moshi, na tunapanda Meru au Kilimanjaro kila likizo na fedha zinapokutana. Mmoja wetu ni mpishi wa mlimani aliyeanza kazi akiwa mgumu, yaani mpagazi, akibeba mizigo ya wageni, na ndiye aliyeleta hoja. Ndani ya hifadhi kuni haziruhusiwi. Kila mlo unapikwa kwa gesi, na gesi inapanda mgongoni au kichwani mwa mtu ambaye mzigo wake una kikomo cha kilo 20. Ukipeleka maharage mabichi Horombo, kambi ya juu Kilimanjaro, utayachemsha jioni nzima na bado yatakuwa na kiini kigumu, kwa sababu maji ya kule yanachemka kabla ya kupata joto la kutosha.

Pakiti za ng'ambo zipo na zinafanya kazi. Ila bei ya pakiti moja inatosha kununua kilo mbili za nyama buchani, na hakuna tuliyoiona yenye mtori ndani, ile supu nzito ya ndizi na nyama.

Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama, ili anayetaka kuiga aanzie pale tulipofika sisi.

Jumamosi, 18 Januari 2025: kaushio la jua

Tumeanza na jua kwa kuwa ni la bure na Januari Moshi halikosekani. Fundi seremala wa Pasua ametutengenezea kabati la mbao lenye paa la mteremko la nailoni nzito inayopitisha mwanga. Chini kuna bati lililopakwa rangi nyeusi, na matundu ya hewa yako chini kwa mbele na juu kwa nyuma. Hewa inaingia chini, inapata joto juu ya bati, inapita katikati ya trei na kutokea juu ikiwa imebeba unyevu. Mbao, nailoni, bati, rangi, bawaba na ufundi: shilingi 145,000.

Wavu wa trei ndio wa kuangalia sana. Fundi alikuja na kipande cha chandarua cha zamani. Vyandarua vingi vimewekwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haitakiwi kugusa chakula hata kama chandarua kimefuliwa mara nyingi. Wavu wa banda la kuku nao umepakwa zinki, na nyanya au kitu chochote chenye uchachu kinaila zinki hiyo. Tumetumia neti ya pazia, mpya, isiyo na dawa, shilingi 3,500 kwa mita pale soko la Mbuyuni. Tumeikaza kwenye fremu na kupitisha kamba za nailoni kwa chini ili isibonyee.

Kipimajoto cha ndani kilisoma nyuzi 48 saa nne asubuhi na nyuzi 57 saa saba mchana. Baada ya saa kumi kilishuka chini ya 40. Kwa mboga hiyo inatosha. Mchicha uliopitishwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja ulikauka kabla ya saa tisa. Karoti za kukwaruza na hoho za vipande vyembamba zilitaka siku moja na nusu. Mchicha wa trei ya juu ulipauka, maana jua la moja kwa moja linakula rangi na vitamini A pamoja nayo, hivyo sasa trei hiyo inafunikwa kitambaa cheusi.

Kwenye mboga hatujagundua jambo jipya. Dodoma na Singida majani ya kunde yanakaushwa miaka yote. Usukumani viazi vitamu vina njia mbili: michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakatwe na kuanikwa. Matobolwa yanaliwa bila kupikwa tena. Hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta.

Kitunguu kikaushe nje. Harufu yake haitoki kwenye mapazia.

8 Februari 2025: maharage na wali

Maharage mekundu tunayaloweka usiku, tunamwaga maji, tunayachemsha upya. Mchemko wa nguvu wa dakika kumi au zaidi ni lazima, kwa sababu maharage haya yakiwa hayajaiva yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na joto dogo la kaushio haliiondoi. Tunapika mpaka harage libonyeke kati ya vidole viwili bila chembe, tunachuja, tunaanika.

Yakikauka yanapasuka. Ganda linafunguka kwa ubavuni na kiini kinageuka cheupe, chepesi, kinachovunjika unga ukikiuma. Tuliyatenga yaliyopasuka tukidhani yameharibika, kisha tukayajaribu pamoja na mazima. Yaliyopasuka yalilainika kwa dakika kumi na mbili, mazima yakataka nusu saa. Maji yanapita kwenye mpasuko. Sasa tunayabonyeza kidogo kwa mwiko kabla ya kuyaanika ili yote yafunguke.

Wali tunaupika bila mafuta, tunausuuza kwa maji baridi kuondoa utelezi, tunautandaza papo hapo. Wali uliopikwa usilale sufuriani ukisubiri jua la kesho. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemsha, na wali ukikaa vuguvugu wanazaana na kuacha sumu ambayo ukaushaji hauigusi. Tunapika alfajiri ili trei ziingie mapema asubuhi.

Gramu 500 za mchele zimetoa wali wa kilo 1.35, na ulipokauka umerudi kwenye gramu 470. Uzito haujapungua wa kusema. Faida yake iko kwenye gesi: wali huu unataka maji ya moto na kifuniko, jiko linazimwa. Kwa maharage ni hivyohivyo. Maharage kilo moja shilingi 3,200, mchele 2,800.

*Nyongeza, 1 Machi:* sufuria moja ya maharage tuliipika kwa tui la nazi. Siku mbili juani yalikuwa bado yanateleza, na leo kopo limefunguliwa likatoa harufu ya mafuta yaliyokaa. Kukausha kunatoa maji, mafuta yanabaki palepale na hewa inayaharibu. Hivyo nazi, samli na siagi zimeondolewa kwenye upishi wote wa kukausha. Kitunguu kinakaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima. Tui la unga litapanda kwenye mfuko wake na kuingia wakati wa kula.

1 Machi 2025: machalari yameshindwa

Haya ndiyo tuliyoyataka kuliko vyote. Tumepika machalari ya ndizi mshare na nyama ya vipande, steki isiyo na mafuta, yakaiva vizuri. Kaushio la jua hatulitumii kwa nyama, maana joto linashuka jioni nyama ikiwa bado na unyevu kwa ndani, na hapo wadudu wa magonjwa wanapata nafasi. Tumetumia oveni ya gesi, mlango ukiachwa wazi kidogo kwa mwiko. Oveni hiyo haikushuka chini ya nyuzi 95.

Baada ya saa sita vipande vilikuwa vya kahawia na vigumu kwa nje. Nimekata kimoja kwa kisu: katikati bado kuna majimaji. Joto kubwa limekausha ngozi ya juu kwa haraka, ngozi ikajifunga, unyevu wa ndani ukakosa pa kutokea. Kipande cha namna hiyo kinaonekana kikavu ukikishika na kitaoza ndani ya kopo.

Tumeviendeleza mpaka vikakauka kweli, kisha tukavirudishia maji. Dakika arobaini juu ya jiko, nyama inatafunika kwa shida na haina utamu, kwa sababu nyuzi zake zimeshikana. Ndizi ndizo zilizonisikitisha zaidi. Milimita mbili za juu zimelainika vizuri kabisa, ndani kuna kiini kinachogonga jino.

Binamu alipendekeza tuloweke usiku kucha. Huko juu baridi ingeitunza nyama, lakini kwenye kambi za chini nyama iliyolowa masaa mengi bila friji ni hatari, na mtu aliyeshuka mlima amechoka anataka kula, hataki kuambiwa asubiri kesho.

Kuanzia sasa hakuna kipande kinene kuliko nusu sentimita, hakuna nyama ya vipande, na tunahitaji kifaa kinachoshika joto dogo bila kupanda na kushuka. Hasara ya leo: nyama kilo moja na nusu, shilingi 18,000, ndizi 9,000, gesi ya oveni sikuipima.

29 Machi 2025: masika, ukungu na mashine

Mvua zimeanza na kaushio limesimama. Kabla hatujalifunika, kopo la karoti za Januari lilifunguliwa na kukutwa na ukungu wa kijivu chini ya kifuniko. Karoti zile zilitoka kwenye trei moja kwa moja hadi kwenye kopo, na kopo lilikuwa likifunguliwa mara kwa mara kwenye hewa yenye unyevu. Tumetupa kopo zima. Wapo wanaopendekeza kuchambua na kubakiza zilizo safi. Sikubaliani nao hata kidogo. Baadhi ya ukungu unatengeneza sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Karoti za shilingi elfu moja hazifai kujadiliwa.

Utaratibu mpya wa kuhifadhi: chakula kikitoka kwenye trei kinapoa, kinaingia kwenye chupa ya kioo hadi theluthi mbili, kinatikiswa kila siku kwa wiki nzima. Vipande vikavu zaidi vinanyonya unyevu wa vile vilivyobaki nao, na vyote vinalingana. Ukiona umande kwenye kioo, rudisha yote kwenye trei. Baada ya hapo ndipo kinagawanywa kwenye mifuko minene ya kufungia chakula, ambayo tunaiosha na kuirudia.

Mashine tumeipata Arusha kwa muuza vitu vya mtumba: trei sita, feni kwa nyuma, wati 400, joto la nyuzi 35 hadi 70. Shilingi 160,000, trei moja ina ufa. Usiamini namba za kwenye kitufe kabla ya kupima. Yetu ikiwekwa 60 inasoma 61 nyuma karibu na feni na 55 mbele, kwa hiyo trei zinageuzwa katikati ya ukaushaji. Kwa saa tisa ilikula yuniti 3.1, kama shilingi 1,100.

Kuhusu umeme kukatika tumewekeana sheria. Mboga zinasubiri. Nyama ikiwa bado haijakauka na umeme ukapotea zaidi ya saa mbili, inarudi sufuriani, inachemshwa, inaliwa usiku huohuo.

26 Aprili 2025: mtori

Sikukuu ya Muungano tumeimalizia Kibosho kwa shangazi. Nilimweleza habari ya machalari wakati anamenya ndizi.

"Sasa mwanangu, unahangaika na vipande vya nini?" akasema. "Mtori haujawahi kuwa na kipande."

Jibu lilikuwa hapo. Kinachozuia maji kurudi ni unene. Mtori umeshapondwa, hauna unene wowote ila ule utakaoutandaza. Ni njia ya matobolwa pia: kazi ya moto inafanyika nyumbani yote, chakula kinakauka kikiwa kimeshaiva.

Ndizi ni mshare. Zilizomenywa zinakaa kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi, ingawa mtori mkavu utakuwa na rangi ya kijivu hata ufanyeje. Nyama isiyo na mafuta inapikwa kwenye presha kuka hadi iachane yenyewe. Supu inapoa, inalala kwenye friji, asubuhi mafuta yaliyoganda juu yanaondolewa kwa kijiko. Hapo shangazi aligoma. Kwake mtori bila mafuta ni uji wa mgonjwa. Tulikubaliana kwamba samli itapanda mlima ndani ya kikopo chake na kila mtu atajitilia, na akaridhika.

Ndizi, nyama, karoti, kitunguu, nyanya na chumvi zinachemshwa pamoja kwenye supu, zinapondwa kwa mwiko, kisha zinapita kwenye blenda. Uwe mzito kiasi cha kushika mwiko. Ukiwa mwepesi unakimbilia pembeni ya trei na kuacha katikati wazi.

Utandazaji ndio unaoamua kila kitu. Karatasi ya kuokea, mtori vijiko vikubwa vinne au vitano, unasukumwa kwa mgongo wa mwiko hadi unene wa milimita nne, na kingo zinaachwa nene kidogo kuliko katikati kwa kuwa kingo zinakauka kwanza. Joto nyuzi 63 kwa sababu ndani kuna nyama. Saa ya kwanza uso unapoteza mng'ao. Saa ya tatu nyufa nyembamba zinaonekana na kingo zinaanza kujikunja. Saa ya nne shika pembe moja uvute polepole: ukibanduka mzima, ugeuze, toa karatasi, uache hewa ipite chini. Ukichanika na kuacha utando kwenye karatasi, bado mapema, rudisha. Baada ya saa kumi unavunjika kwa mlio mkavu popote unapoukunja. Sehemu inayokunjika bila kuvunjika haijakauka. Kisha blenda tena, mpaka uwe unga wa chengachenga.

Hesabu ya sufuria moja: ndizi zilizomenywa kilo 1.5, nyama gramu 400, mboga gramu 300. Sufuria ya kilo 3.1 imekuwa unga wa gramu 640. Ndizi shilingi 4,000, nyama 4,800, mboga 1,200, umeme 1,300. Jumla 11,300 kwa milo sita, yaani karibu 1,900 kwa mlo.

Kuurudishia maji kulishindikana mara ya kwanza. Maji ya moto yaliyomiminwa juu ya unga yalifanya mabonge makavu ndani, uteute nje. Dawa yake kila aliyekoroga uji anaijua: koroga unga kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka uwe rojo, ndipo umimine ya moto huku ukikoroga. Gramu 100 za unga, maji baridi mililita 100, ya moto 350. Dakika tano. Shangazi alionja, akaongeza samli na chumvi, akamaliza bakuli.

24 Mei 2025: nyama ya kusaga

Kwa wali na maharage tunahitaji nyama inayojitegemea. Nyama ya kusaga isiyo na mafuta, gramu 500, inachanganywa na mkate mkavu uliosagwa gramu 50 kabla ya kukaangwa. Mkate unakaa katikati ya chembe za nyama na kupitisha maji baadaye. Bila mkate chembe zinakuwa changarawe. Kaanga mpaka iive kabisa, nyuzi 71 kwenda juu, imwagie maji yanayochemka juu ya chujio, ikaushe kwa kitambaa safi, trei kwa nyuzi 63 saa saba. Kila baada ya saa mbili ibonyezwe kwa kitambaa, maana mafuta kidogo bado yanatoka. Kuku tumemwacha, nyama yake ilibaki kamba. Mayai hatukaushi nyumbani kabisa kwa sababu ya salmonela.

Dagaa wa Mwanza wamekuja wakiwa wamekauka tayari. Vichwa vinatolewa, wanakaangwa bila mafuta, basi.

Nyama iliyokaushwa inakaa kwenye friza hadi wiki ya safari.

14 Juni 2025: Horombo ndani ya jiko la Moshi

Mpishi wetu alituzuia kufurahi mapema. Majaribio yote tumeyafanya kwa maji ya Moshi, yanayochemka karibu nyuzi 97, ndani ya jiko lenye joto. Kila mita 300 unazopanda, maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu, kwa makadirio. Horombo, mita 3,720, ni karibu 88. Kambi ya Kibo, mita 4,720, ni kama 84 au 85. Na hewa ya jioni huko inapoza sufuria upesi.

Hivyo tumeihamishia Horombo jikoni. Maji yamechemshwa, yakaachwa hadi kipimajoto kikasoma 88, yakamiminwa juu ya wali, maharage na nyama, kifuniko, halafu sufuria ikaingia kwenye friji. Baada ya dakika kumi na tano chakula kilikuwa na nyuzi 51 na maharage yana chembe katikati. Kama tungepanda na vipimo vya Mei tungekula hivyo.

Suluhisho halihitaji fedha nyingi. Akina mama wengi wanajua kikapu cha kutunzia joto, kile chenye mito ya vitambaa ambacho maharage yakichemka kidogo yanamalizikia humo. Tumeshona koti la sufuria kwa godoro la sponji la kulalia porini lililochakaa, nje kitambaa cha kanga, chini na juu pia. Uzito gramu 140, gharama ni uzi tu. Jaribio lilelile ndani ya friji: baada ya dakika ishirini nyuzi 68, maharage laini.

Kingine kilichosaidia ni kuloweka chakula kwenye maji ya baridi yaliyokwisha kusafishwa kwa dakika kumi, kisha kukiweka na maji yake jikoni hadi kianze kuchemka, kuzima, na kukivalisha koti. Gesi inayoongezeka ni kidogo sana.

2 Agosti 2025: kufunga mizigo

Milo ya jioni ya usiku watano kwa watu wanne: kilo 2.6. Vitu hivyohivyo vikiwa vibichi ni kama kilo 6, bila kuhesabu gesi ya kuvipikia. Kila mfuko umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la chakula, kiasi cha maji na tarehe ya kukaushwa. Samli, tui la unga, karanga za kukaanga na chumvi viko peke yake.

16 Agosti 2025: njia ya Marangu

Tumerudi kutoka Kilimanjaro. Naandika yakiwa bado kichwani.

Mandara, mita 2,720: wali, maharage, nyama. Dakika kumi na tano ndani ya koti, hakuna kilichobaki sufuriani. Mwongozaji wetu alishika sponji, akauliza nani kashona.

Horombo siku ya kwanza: maharage na wali vilikuwa sawa, kabichi ilikuwa na mishipa migumu. Kosa liko kwenye ufungaji. Tulichanganya kila kitu kwenye mfuko mmoja, na kabichi inataka muda mara mbili ya wali. Wali ukingoja kabichi, unavurugika. Kabichi ijayo itakatwa uti wake wote utupwe, na vitu vya polepole vitakuwa na kifuko chao kinachotangulia majini.

Wagumu walionja mtori wakaupenda. Lakini aliyebeba kilo 20 siku nzima anataka ugali, na ugali ulipikwa kwa unga na gesi yao. Sioni chakula chetu kikichukua nafasi hiyo, na hakitakiwi kuchukua. Kinachoweza kupungua ni mzigo wa vyakula vingine.

Kibo ndipo hesabu zilipobadilika. Hapo hakuna maji. Yanabebwa kutoka chini. Milo minne ya wali na maharage inataka karibu lita mbili, kwa hiyo uzito tuliouondoa Moshi tuliurudisha wenyewe pale kwenye kituo cha maji ya mwisho. Juu ya hilo, hamu ya kula ilikuwa imekwisha. Wali wenye nyama uliliwa vijiko vichache na kurudi mfukoni, nao ukashushwa na takataka nyingine hadi getini. Mtori uliisha. Unameza bila kutafuna, una chumvi, na maji yake yanahesabika katika maji unayopaswa kunywa kwa vyovyote, hivyo lita iliyobebwa kwa ajili yake inafanya kazi mbili.

Kabla ya kuondoka usiku wa manane tulikoroga mtori mwepesi, gramu 60 kwa nusu lita, tukaujaza kwenye chupa ya chai. Ulifika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, ukiwa wa moto. Binamu, aliyekuwa hajala tangu mchana, alikunywa vikombe viwili.

Tumbo la mtu yeyote halikuharibika. Mtungi mdogo wa gesi wa gramu 450 ulitosha milo yote ya jioni na kubaki.

30 Agosti 2025: marekebisho

Mpango wa Meru umeshabadilika kufuatana na haya. Wali na maharage vitaliwa kambi ya Miriakamba, mita 2,514, ambako watu bado wana hamu ya kula. Kambi ya Saddle, mita 3,570, ni mtori na dagaa peke yake. Kiasi cha mtori kinapanda hadi nusu ya chakula chote.

Tunajaribu pia kiburu, ndizi na maharage vikipondwa pamoja na kutandazwa kwa njia ileile. Trei ya kwanza imetoka leo asubuhi. Imekauka kwa saa kumi na mbili kwa nyuzi 57, kwa kuwa haina nyama, lakini maganda ya maharage yamezuia blenda na unga una vipande. Sufuria ya pili maharage yatapitishwa kwenye chekeche kabla ya kuchanganywa na ndizi. Vipimo vitaandikwa hapa vikitoka.